Balozi akisema, sheria itabadilika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanadiplomasia na sheria za kubana mashirika

Kila mswada wa kubana mashirika ya kiraia, yale yasiyo ya serikali, unaposikika, uwe wa hapa kwetu au wa ng'ambo, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni viongozi wa vikundi vya vijana Likoni, kina mama wa vyama Kisauni, wasaidizi wa kisheria wa Changamwe wanaofanya kazi bila mshahara, na maimamu wawili watatu. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa jinsi yanavyoulizwa, ili nikipigiwa tena nimtumie mtu ukurasa huu nami nikanywe kahawa yangu.

Sheria ikipitishwa Georgia au Misri, sisi wa Mombasa yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa sababu sheria za namna hii husafiri kama mitumba. Huvaliwa kwingine kwanza, kisha siku moja unakuta robota limeshushwa Kilindini. Mwaka 2009 Ethiopia ilipitisha sheria iliyosema kuwa shirika la nyumbani linalopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje lisiguse haki za binadamu wala usuluhishi wa migogoro. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 2013, Bunge la Kenya likaletewa mswada wenye kikomo chake: asilimia 15. Sisemi aliyeuandika alikuwa na ile ya Ethiopia mezani. Nasema tu kwamba waliokuwa wamefuatilia ya Addis Ababa walijua kifungu cha kukisoma kwanza. Bunge liliukataa Desemba mwaka huo huo.

Na liko la karibu zaidi. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, majina ya MUHURI na HAKI Africa, mashirika ya haki za binadamu, yote mawili ya hapa Mombasa, yalitokea kwenye orodha ya watu na mashirika zaidi ya 80 yaliyodaiwa kuhusiana na ugaidi. Akaunti zao zikafungwa. Mashirika hayo yalikwenda Mahakama Kuu papa hapa Mombasa, na Novemba mwaka huo jaji akaamuru akaunti zifunguliwe. Mzozo ule ulianzia kwenye orodha iliyochapishwa tu, bila mswada wowote. Ndiyo maana habari za Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, sizisomi kama habari za kigeni.

Sheria ya kubana ni ipi hasa? Kujisajili nako ni kubanwa?

La. Hata chama cha kuchangiana maziko kina daftari na mweka hazina. Serikali kutaka kujua nani yuko wapi na hela anatoa wapi si dhuluma. Kubana huanza pale sheria inapomwachia ofisa mmoja kukufuta bila kukusikiliza, au inapoweka kikomo cha fedha za nje mahali ambapo fedha za ndani hazipo, au inapokubandika jina la kukuchafua.

Hilo la jina ndilo watu hulidharau. Urusi mwaka 2012 ililazimisha mashirika yenye fedha za nje na yanayofanya kile ilichokiita siasa yajiandikishe kama "wakala wa kigeni". Kwa masikio ya Mrusi aliyekulia enzi za Kisovieti, maneno hayo yananuka ujasusi. Hapa Pwani tungesema kibaraka. Ukishaitwa kibaraka mtaani, nani atakuja kwenye mkutano wako? Sheria haikukufunga, ila ukumbi ni mtupu.

Balozi ni mgeni. Ana haki gani ya kusemea sheria ya mwenyeji wake?

Swali hili huulizwa sana barazani, na kwa ukali. Tena lina msingi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema katika kifungu cha 41 kwamba wanadiplomasia wasiingilie mambo ya ndani ya nchi waliko. Kifungu cha 9 kinampa mwenyeji rungu: anaweza kumtangaza balozi yeyote kuwa hatakiwi, bila hata kutaja sababu.

Lakini mkataba huo huo, kifungu cha 3, unasema kazi mojawapo ya ubalozi ni kujua hali ya nchi kwa njia halali na kuripoti kwao. Kwa hiyo kukutana na watu na kuuliza maswali si uingiliaji. Halafu kuna mikataba ambayo nchi zimeitia saini zenyewe. Kenya iliingia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na kifungu chake cha 22 kinalinda uhuru wa kujiunga na wengine. Fikiria chama cha kuzungusha pesa: mmeandikiana kanuni, kila mtu kaweka kidole. Mwenzako akikuuliza mbona huu mwezi wa tatu hujaleta, huwezi kumwambia anaingilia jikoni kwako.

Wapo wanaonijibu kwa ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi huwaambia hiyo ni ya mgeni aliyeleta chakula. Hawa wengine huleta karatasi.

Basi wanafanya nini hasa? Sisi tunaona tu picha wakisalimiana.

Mengi hufanyika msipoyaona. La kwanza ni kunong'ona: balozi anaomba kuonana na waziri, anakunywa chai, na katikati ya mazungumzo ya bandari na viza anataja kifungu fulani cha mswada. Hakuna taarifa, hakuna picha. Pili ni waraka rasmi wa kibalozi unaopelekwa Wizara ya Mambo ya Nje. Tatu, balozi kadhaa hutoa taarifa ya pamoja. Mbele ya hapo kuna kuzungumza Geneva kwenye Baraza la Haki za Binadamu, kuahirisha mikutano ya biashara, kukata msaada, kunyima viza wahusika, na mwisho kumwita balozi arudi kwao. Umoja wa Ulaya ulifanya hilo la mwisho Novemba 2018, ulipomrudisha nyumbani balozi wake wa Dar es Salaam kwa mashauriano, na Denmark ikazuia sehemu ya msaada wake kwa Tanzania majuma hayo hayo.

Ngazi hizi hazipandwi moja moja. Nchi yenye kambi ya kijeshi kwa mwenyeji hukaa kwenye kunong'ona miaka mitano. Nchi ndogo isiyo na cha kupoteza huruka hadi juu kwa siku moja.

Taarifa za pamoja zote zinafanana. Nazisomaje?

Usizisome kama gazeti. Zisome kama fundi cherehani anavyotazama mshono.

Kwanza hesabu saini, na zaidi tafuta iliyokosekana. Taarifa ya balozi kumi bila ya yule anayeuza silaha nyingi kwa serikali ile imekwambia jambo. Pili tazama kitenzi. "Tunafuatilia" maana yake hatujaamua. "Tuna wasiwasi" ni karipio la kawaida. "Tuna wasiwasi mkubwa" limepitishwa na makao makuu. "Tunalaani" hutokea mara chache kwa sheria, huwekwa kwa ajili ya umwagaji damu. Tatu, angalia kama wametaja kifungu kwa nambari. Taarifa inayosema "umuhimu wa jamii huru" ni manukato. Inayotaja kifungu kwa nambari na kueleza kinavyopingana na mkataba gani, hiyo imeandikwa na mtu aliyeusoma mswada, na wizara italazimika kuijibu.

Nne ni tarehe. Taarifa iliyotoka mswada ukiwa bado kamatini ina kazi. Iliyotoka baada ya rais kutia saini ni rambirambi.

Kukata msaada hufaa?

Hapa ndipo ninapogombana na rafiki zangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua Misri. Desemba 2011 askari waliingia kwenye ofisi za mashirika, yakiwemo ya Kimarekani, na wafanyakazi 43 wakashtakiwa. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa waziri wa uchukuzi wa Marekani wa wakati ule. Washington ikachachamaa, ikatishia msaada wa kijeshi, na Machi 2012 dhamana zikalipwa, ndege ikaja, raia wa kigeni wakaondoka. Mmarekani mmoja alikataa kupanda akabaki na wenzake wa Misri. Juni 2013 wote 43 walitiwa hatiani, wengi wao wakiwa hawapo. Mpaka Desemba 2018 ndipo mahakama ikawaachilia waliorudiwa kesi. Diplomasia ilifaulu? Ilifaulu kuwatoa wake. Wamisri walibeba hukumu ile miaka mitano na ushei.

Endelea nayo. Mei 2017 rais wa Misri akatia saini sheria mpya kali ya mashirika. Agosti Marekani ikakata dola milioni 95.7 na kuzuia nyingine milioni 195. Julai 2018 ile milioni 195 ikaachiliwa, na mwaka 2019 sheria ikabadilishwa kwa nyingine iliyoondoa adhabu za kifungo. Watetezi wa pale walisema minyororo mingi imebaki, na nikiisoma naona hivyo. Lakini kifungo kuondolewa si jambo dogo kwa anayelala ndani.

Burundi ni funzo la upande mwingine. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, kwa kutumia kifungu cha 96 cha Mkataba wa Cotonou, ule wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibea na Pasifiki. Serikali haikulegea: Oktoba 2018 ilisimamisha mashirika ya kimataifa kwa miezi mitatu ikitaka, pamoja na mengine, waajiriwa wahesabiwe kwa kabila. Baadhi yalifunga virago. Zuio la Ulaya liliondolewa Februari 2022, baada ya rais kubadilika.

Na Urusi? Iliifukuza yenyewe USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka 2012. Huwezi kumtishia mtu kwa kumnyima alichokwisha kukutupia mlangoni.

Ninachokiona mimi: pesa hufaa pale mwenyeji anapozihitaji, masharti yanapokuwa finyu na ya kupimika, na anayezikata anapokuwa tayari kukaa nazo muda. Yakikosekana mawili kati ya hayo, anayeumia ni zahanati.

Kuna mahali sheria ilirudi nyuma kabisa?

Pako. Hungary ilipitisha sheria ya mashirika yenye fedha za nje mwaka 2017. Tume ya Ulaya haikuandika taarifa tu, ilikwenda mahakamani, na Juni 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema sheria ile inavunja sheria za Umoja. Mwaka 2021 Hungary ikaifuta. Ethiopia nayo iliifuta ile ya 2009 mwaka 2019, kwa sababu siasa za ndani zilikuwa zimegeuka. Wafadhili walikuwa wamelalamika miaka kumi.

Georgia ndiyo inayonifundisha zaidi. Machi 2023 mswada uliondolewa baada ya watu kujaa barabarani. Mwaka 2024 ukarudi: shirika linalopata zaidi ya asilimia 20 ya fedha zake kutoka nje lijiandikishe kama linalotetea maslahi ya dola ya kigeni. Marekani ikatangaza vikwazo vya viza, Umoja wa Ulaya ukausimamisha mchakato wa kuipa Georgia uanachama, Julai Marekani ikazuia msaada wa zaidi ya dola milioni 95. Sheria ikabaki. Maneno ya kidiplomasia ya 2024 yalikuwa makali kuliko ya 2023, na matokeo yakawa kinyume. Serikali ilikuwa imeshaamua kwamba haijali.

Lakini Marekani wenyewe wana sheria ya mawakala wa kigeni. Huu si unafiki?

Wanayo, tangu 1938. Inamhusu mtu anayefanya kazi kwa agizo au uongozi wa bwana wa kigeni anayemtuma, kama wakili wa kushawishi aliyeajiriwa na serikali fulani. Kupokea ruzuku peke yake hakukufanyi wakala. Sheria ya Urusi iliitazama pesa na kuacha swali la nani anatoa amri.

Georgia ilichukua hoja hii ikaigeuza shoka. Mwaka 2025 ilipitisha sheria nyingine iliyodaiwa kuwa tafsiri ya ile ya Marekani, ikaanza kutumika tarehe 31 Mei mwaka huo. Sasa balozi anayelalamika anaambiwa: hii si yenu? Maneno yanaweza kuwa yale yale. Mahakama zinazoyatafsiri ndizo hazifanani. Na ndiyo, unafiki upo pia. Serikali zile zile zilizo kali kwa Georgia hunong'ona zinapofika kwa rafiki mwenye mafuta. Usibishane na anayelisema hilo. Mkubalie, kisha mrudishe kwenye kifungu.

USAID imefungwa 2025. Sauti ya wafadhili bado ina uzito?

Umepungua, na anayekuambia vingine anakuuzia kitu. Msaada wa Marekani ulisitishwa Januari 2025 na shirika lenyewe likaacha kazi Julai mosi. Tishio la kukata msaada haliwi tishio msaada ukiwa umeshakatika. Kilichobaki ni biashara, viza na heshima ya mikutano. Kenya na Umoja wa Ulaya wana mkataba wa ubia wa kiuchumi ulioanza kutumika Julai 2024. Maua na maparachichi yanayopita Kilindini sasa yana uzito wa kidiplomasia kuliko warsha zote za hotelini Nyali.

Serikali yetu nayo hufanya diplomasia ya namna hii?

Hufanya, kwa upande wake. Julai 2024, baada ya maandamano ya Gen Z, Rais aliilaumu hadharani Ford Foundation, taasisi ya ufadhili ya Kimarekani, na Wizara ya Mambo ya Nje ikaiandikia barua kutaka maelezo ya fedha zilizopewa mashirika 16. Taasisi hiyo ilikana kufadhili maandamano. Ona njia iliyotumika: barua ya Mambo ya Nje, kwa lugha ya adabu.

Waafrika wenzetu je? Au ni Wazungu tu?

Serikali za jirani hunyamaza, kwa sababu kila mmoja ana mswada wake kabatini. Ila taasisi zipo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa mwaka 2017 mwongozo kuhusu uhuru wa kujiunga na kukusanyika. Mtu wa kwanza kushika kazi ya mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kwa haki hizo, kuanzia 2011 hadi 2017, alikuwa Mkenya, Maina Kiai, na ripoti yake ya 2013 ndiyo iliyoeleza waziwazi kwamba kutafuta na kupokea fedha, za ndani na za nje, ni sehemu ya haki yenyewe. Nasikia watu wakisema hiyo ni fikra ya Geneva. Geneva ilikuwa ukumbi tu.

Kuna pia Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuipeleka nchi hata bila kumaliza mahakama za nyumbani, lakini ana miezi miwili tu tangu sheria au kitendo kitokee au akijue. Miezi miwili! Nimeona vikundi vikiimaliza yote kutafuta nani atasaini barua.

Kukutana na watu wa ubalozi ni kosa?

Si kosa. Katiba ya 2010, kifungu cha 36, inakulinda. Lakini fanyeni mchana, ofisini, mkiwa zaidi ya wawili, na muandike mliyoyasema. Msichukue bahasha ya "nauli" isiyo na risiti.

Kundi letu ni dogo, watu kumi na wanne. Ubalozi utatusikia vipi na wote wako Nairobi?

Si wote. India ina ofisi ya ubalozi hapa hapa, na nchi kadhaa zina balozi wa heshima, ambao aghalabu ni wafanyabiashara wa mji huu huu. Hawaandiki taarifa, lakini barua yako wataipeleka ikiwa fupi.

Nitawapa kisa. Ofisa mmoja wa masuala ya siasa, kijana, alishuka na treni asubuhi na kupanda ya usiku. Tulikuwa tisa, chini ya mwembe, na mahamri na mbaazi kwenye sinia. Watatu wa kwanza walizungumza nusu saa kuhusu demokrasia. Akaitikia kwa kichwa, hakuandika neno. Kisha bi mkubwa mmoja, mweka hazina wa chama cha kina mama cha Kisauni, akafungua mkoba, akatoa barua tatu za msajili. Ya kwanza inataka fomu fulani. Ya pili inataka fomu ile ile, kwa nakala mbili. Ya tatu inasema faili haionekani. Akazipanga juu ya mkeka kwa tarehe, akaweka na karatasi ya benki inayoonyesha malipo ya kila safari. "Mwanangu," akamwambia, "mimi sijui siasa. Nionyeshe ni kifungu gani kinachosema niende mara tatu." Yule kijana akatoa kalamu. Aliandika mpaka chai ikapoa, akaomba kupiga picha zile barua, na bi mkubwa akamkubalia kwa sharti afunike jina lake kwa kidole.

Kwa hiyo pelekeni karatasi. Ukurasa mmoja: kifungu gani, kimewafanya nini, lini, na mnataka kisomeke vipi. Pelekeni mswada ukiwa kamatini, na nakala hiyo hiyo mpeni mbunge wenu siku ile ile, ili asije akasikia kwa balozi.

Na hapa Kenya, ile Sheria mpya ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ya kusajili mashirika kama yetu, imeshaanza au bado?

Imeanza. Ilitiwa saini Januari 2013, ikakaa zaidi ya miaka kumi na moja kabla ya kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Ukiwa umesajiliwa kwa sheria ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990, chukua cheti chako, katiba ya kundi na hesabu za mwaka, uende ukaulize hatua ya kuhamia. Nenda asubuhi, na ubaki na nakala ya kila unachokabidhi, yenye muhuri wa kupokelewa.